Kilo Thelathini na Saba za Serikali

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana viongozi wake ni watu wasiopenda kusifiwa. Miaka mingi iliyopita nchi hiyo ilipata mgeni mashuhuri kutoka ng'ambo. Mgeni alipokuwa akiwapungia mkono watu waliopangwa barabarani kumlaki, alimnong'oneza mwenyeji wake kwamba wananchi wanaonekana wana njaa. Serikali iliumia sana. Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu, likajadili kwa kina, likaona kwamba kuwalisha wananchi wote ni mpango wa muda mrefu, lakini kuwanenepesha watumishi wa Serikali, ambao ndio huonwa na wageni, kunawezekana mara moja. Ndipo ilipotungwa Kanuni ya Uzito katika Utumishi wa Umma.

Kanuni ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Tarishi asipungue kilo sitini. Karani sabini. Mtunza ghala themanini. Ofisa tisini. Mkurugenzi Msaidizi mia moja na kumi, Mkurugenzi mia moja ishirini na tano, Katibu Mkuu mia moja na arobaini. Mawaziri walipimwa faragha kwa mizani iliyoazimwa machinjioni, na uzito wa Mkuu wa Nchi ulikuwa siri ya dola. Kila baada ya miezi mitatu ilifanyika Siku ya Mizani. Watumishi walipanda mmoja mmoja, jina na kilo zikasomwa kwa kipaza sauti, na bendi ya polisi ikapiga wimbo wa furaha.

Gervas Nyakunga alikuwa Mkurugenzi Msaidizi katika Idara ya Misaada ya Njaa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane na uzito wa kilo mia moja na kumi na nane. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kupanda cheo, na siku hizo cheo kilikuwa wazi, kwa kuwa Mkurugenzi wa idara alikuwa amefariki mezani, kijiko kikiwa mkononi, na kuzikwa kwa heshima zote.

"Nafasi ni yako, Gervas," Katibu Mkuu, Mheshimiwa Dunstani Kapilima, alimwambia. "Zimebaki kilo saba tu. Ni wewe na mdomo wako."

Basi Gervas akala. Asubuhi alikunywa supu ya kongoro iliyoganda ukoko wa mafuta juu, na chapati sita. Saa nne alikula sambusa. Mchana alikula ubwabwa na mbuzi, jioni akala tena mbuzi aliyebaki mchana. Alikula mpaka ladha ikamtoka mdomoni na nyama ikawa kitu cha kutafuna tu, kama mpira. Ofisi nzima ilikuwa hivyo. Barua za kuomba mahindi zilizotoka mikoani zilijaa alama za vidole vya mafuta, na inasemekana karani wa masjala alikuwa akizitafuta kwa kunusa.

Wakati huo mwili wake ulikuwa unamsemesha, ila yeye hakuusikiliza. Kiu haikumwisha. Kila nusu saa alikwenda msalani. Macho yaliingia ukungu, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda ambacho hakikuuma wala hakikupona. Kisha ikaja siku ya kikao cha dharura kuhusu ukame wa Mkoa wa Magharibi. Ajenda ya kwanza ilikuwa chakula cha mchana. Gervas alisimama kutoa neno la shukrani kwa wapishi, nyama ingali mdomoni, akaona ukumbi unazunguka, akaanguka kati ya meza mbili kama gunia lililoteremshwa na mpagazi mwenye hasira.

Bosko Lihamba, ofisa aliyekuwa chini yake, alimtoa kipande cha nyama kooni kwa kidole. Hilo Gervas hakulisahau. Bosko huyo huyo alikimaliza kilichobaki kwenye sahani ya bosi wake kabla gari la wagonjwa halijafika. Hilo Gervas hakuambiwa.

*

Daktari aliyempokea hospitalini aliitwa Sauda Mwinchande. Alikuwa amewatibu watu wa wizara kwa miaka kumi na tano, lakini kwa kuwa alikuwa na kilo hamsini na sita, cheo chake kilikuwa bado Msaidizi wa Muda. Waliokuwa juu yake walikuwa wanene wa kutosha, ila hawakujua kutibu.

Alimbonyeza Gervas mguuni kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Mzee Nyakunga, hiki kidonda kinauma?"

"Hakiumi, daktari."

"Hilo ndilo baya." Alivuta stuli, akaketi. "Sukari yako imepanda mpaka mashine imeshindwa kusoma namba. Presha nayo ni hivyo hivyo. Tukienda namna hii nitakata kidole, nitakata mguu, na baada ya hapo mimi na wewe hatutakuwa na kazi pamoja."

"Si kuna dawa?"

"Nitakupa. Lakini dawa peke yake haitakufikisha mbali. Inabidi upungue, na si kidogo. Kilo thelathini na zaidi."

Gervas alimtazama kama mtu aliyeambiwa akaibe. Daktari akainuka, akafunga mlango.

"Kuna waraka unanikataza kutamka neno hilo," alisema. "Kwenye cheti naandika 'afya njema ya kizalendo', na nimeshaandika. Haya mengine nakwambia kwa mdomo. Ukitoka humu, sijakwambia."

"Daktari, nikipungua kazi imekwenda."

"Usipopungua, kazi itabaki. Wewe ndiye hutakuwepo."

Nyumbani alimweleza mkewe, Veridiana, akitumaini kwamba mke atamwambia daktari amekosea. Veridiana alimsikiliza huku akichambua mchele. Alipomaliza aliusukuma ungo pembeni.

"Baba Renatha, marehemu Mkurugenzi aliacha kilo ngapi?"

"Mia moja thelathini na moja."

"Na mjane wake anazifanyia nini sasa?"

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwao kulipikwa mchicha, maharage, kipande cha samaki na ugali usiozidi ngumi ya mtu. Juma la kwanza alitetemeka kwa hasira na kuwagombeza watu wasio na hatia. Juma la pili alilia, kisha akalaumu vitunguu. Kila alfajiri yeye na mkewe walitembea nyuma ya kiwanda cha mafuta ya kula, mahali ambapo hakuna mtumishi wa Serikali aliyeweza kuwaona, kwa sababu hakuna mtumishi wa Serikali aliyeweza kufika kwa miguu.

Mwezi wa tatu kidonda kilifunga. Wa tano ukungu wa macho ulikwisha, na akagundua kwamba ukuta wa sebule yake ulikuwa wa kijani. Wa sita aliinama akafunga kamba za viatu mwenyewe, akabaki ameinama kitambo, akivitazama viatu kama jamaa waliokuwa safarini. Aliacha kukoroma, na mkewe akawa anamtikisa kuhakikisha yu hai. Siku moja alikula hindi la kuchoma, akahisi utamu wake ukipanda mpaka masikioni.

Shida ni kwamba ladha iliporudi, ilirudi na pua. Alianza kuisikia harufu ya wizara. Mazulia yalinuka mchuzi uliochacha, mapazia yalinuka shahamu. Kwenye lifti, wakubwa waliposimama wanne, jasho lao lilitoka zito na la njano, likichuruzika kwenye shingo zilizopinda tabaka tatu. Vikao vilikuwa vya kucheua. Mtu alisema "Ndugu Mwenyekiti", akacheua, akaendelea na hoja. Gervas alijiuliza aliwezaje kukaa humo miaka ishirini bila kuziba pua, akajijibu kwamba alikuwa sehemu ya harufu.

*

Ili asigundulike, Veridiana alimshonea kitambi. Cha kwanza kilikuwa cha sifongo ya godoro na maharage makavu. Baba Renatha alipozidi kupungua, kilishonwa cha pili, cha kitambaa cha turubai, kikajazwa mchanga. Siku mbili za Mizani alipita salama, ingawa jioni alirudi mgongo umekufa ganzi.

Uso, hata hivyo, haushonewi. Mashavu yalipungua, shingo ikaonekana, na ofisi ikaanza kunong'ona. Katika nchi ile mtu akikonda kuna sababu tatu tu: ama anaumwa, ama amefilisika, ama ameanza kuipinga Serikali. Wenye huruma walichagua ya kwanza. Walianza kumsalimia kwa sauti ya msibani. Mama mmoja wa uhasibu alimletea maji ya dawa kwenye chupa ya soda. Bosko Lihamba aliingia ofisini kwake bila kubisha, akajaribu kiti, akasema anaangalia tu kama magurudumu ni mazima.

"Mzee, kama kuna jambo, sema na sisi," Bosko alimwambia. "Siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi."

"Mimi mzima, Bosko. Sijawahi kuwa mzima hivi."

"Ndivyo wote wanavyosema mwanzoni," alijibu Bosko kwa upole.

Siku ya tatu ya Mizani Gervas alipanda jukwaani huku bendi ikipiga. Pengine mshono ulichoka, pengine ni yeye aliyekanyaga vibaya. Turubai lilipasuka upande wa kulia. Mchanga ukaanza kumwagika kupitia mguu wa suruali, taratibu, kama maji, ukajaza kiatu, ukafurika, ukafanya kichuguu kwenye zulia jekundu. Bendi ilipiga mpaka mpiga tarumbeta alipoona, naye akanyamaza, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Mshale wa mizani ulishuka, ukashuka, ukasimama.

"Nyakunga, Gervas," alisoma msomaji, kwa kuwa ndiyo kazi yake. "Themanini na moja."

Kamati ya Nidhamu ya Mwili ilikaa kesho yake. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kapilima mwenyewe. Aliketi kwenye viti viwili vilivyounganishwa, na mbele ya kila mjumbe kulikuwa na sahani, kwa kuwa kanuni ilikataza kuamua jambo zito kwa tumbo jepesi.

"Ndugu wajumbe," alianza Kapilima, akipumua kati ya kila maneno matatu, "huyu bwana tulimkabidhi mwili wa kilo mia moja na kumi na nane. Mwili ule haukuwa wake. Uliumbwa kwa karamu za Serikali, kwa mbuzi wa Serikali, kwenye viti vya Serikali, ukahudhuria semina ndani na nje ya nchi. Leo ameturudishia kilo themanini na moja. Tofauti ni thelathini na saba. Naomba atueleze, kilo thelathini na saba za Serikali ziko wapi?"

"Zimekwisha, mheshimiwa."

"Mali ya umma haiishi hivi hivi. Nani alikusaidia?"

Mwanasheria wa wizara alifuta midomo kwa kona ya tai, akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba Kamati haina chuki. Gervas akimtaja mtu aliyemshauri, ataachwa na cheo cha ofisa na atapewa likizo ya kula ya miezi mitatu, yenye posho ya nyama. Kama ni daktari, atamke jina tu. Hata kuandika haina haja.

Gervas alimfikiria Daktari Sauda, stuli yake, mlango alioufunga mwenyewe. Akawatazama wajumbe. Mmoja alikuwa akinyonya uboho kwa mlio. Mwingine alikuwa amelala huku taya likiendelea kutafuna.

"Hakuna mtu," alisema. "Nilifunga mdomo. Ulikuwa mdomo wangu."

"Mdomo wa mtumishi ni wa mwajiri," mwanasheria alimsahihisha.

Hukumu ilitolewa kabla ya matunda. Kwa kuwa Serikali ni ya haki, hakufukuzwa. Alipewa kazi inayolingana na kilo zake: mtunza ghala, Mkoa wa Magharibi. Bosko alihamia ofisini kwake siku hiyo hiyo, akiwa na kilo mia moja na kumi na mbili.

*

Ghala la Magharibi lilikuwa jengo refu la bati katikati ya uwanda mkavu. Ndani mlikuwa na mahindi na maharage kutoka sakafuni hadi darini. Nje kulikuwa na watu. Wengine walisimama, wengi walikuwa wamekaa, kwa sababu kusimama ni kazi. Kati ya watu na mahindi kulikuwa na mlango, na mbele ya mlango kulikuwa na mizani kubwa ya chuma, na karibu na mizani aliketi karani, Bwana Sindato, mwenye daftari.

Gervas aliuliza mizani ni ya nini. Sindato akamwonyesha waraka uliobandikwa ukutani: *Ili kuzuia udanganyifu, msaada wa chakula utolewe kwa mwananchi mwenye uzito usiopungua kilo hamsini. Mwenye uzito wa chini ya hapo hajathibitisha uwezo wa kula.*

Chini palikuwa na saini, na kando ya saini alama ya kidole gumba cha mafuta. Saini ilikuwa ya G. Nyakunga.

Alijaribu kukumbuka siku aliyouandika. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa kabla ya chakula cha mchana, kwamba alikuwa na haraka, na kwamba siku hiyo kulikuwa na maini. Alikwenda nyuma ya ghala akatapika. Kilichotoka kilikuwa chai.

Aliporudi, mwanamke mmoja mzee alikuwa amepanda mizani. Jina lake Bi Nyanzala. Mshale ulionyesha arobaini na moja.

"Umepungukiwa tisa, mama," alisema Sindato bila kuinua macho. "Rudi ukinenepa."

"Mara ya kwanza nilipungukiwa saba," alijibu yule mama. "Mkaniambia nirudi nikinenepa. Nikaenda nikangoja kunenepa. Mwanangu, mtu hunenepa kwa kungoja?"

Alimwuliza Gervas, kwa sababu ndiye aliyesimama karibu. Gervas alishindwa kumtazama machoni.

"Mama, unajua nani aliandika sheria hii?"

"Mtu aliyeshiba."

"Ni mimi."

Bi Nyanzala alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka.

"Basi na wewe sheria yako imekupata," alisema.

Gervas hakuwa shujaa. Alimwogopa Sindato, aliliogopa daftari, na alikuwa na mke na binti chuoni. Alichofanya ni kidogo. Alisimama nyuma ya mizani kama anayesimamia kazi, akaweka unyayo wake kwenye ukingo wa chuma, akaukandamiza. Mshale ukapanda taratibu hadi hamsini na moja. Sindato aliutazama mshale, akautazama mguu, akaandika hamsini na moja. Bi Nyanzala alipewa debe lake. Hakushukuru, na Gervas alifurahi kwamba hakushukuru.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa miezi miwili. Mguu mmoja, hata mguu mzima, unaweza kuwapitisha watu kadhaa tu kwa siku kabla mkaguzi hajashangaa kwa nini mkoa wenye njaa una wanene wengi. Watoto hawakupita kabisa. Hata mshale ungepanda, hakuna mkaguzi ambaye angeamini kwamba mtoto wa kilo kumi na moja ana hamsini. Kila jioni walibaki uwandani wengi kuliko waliopata, na baadhi yao asubuhi walikuwa hawapo, na Gervas aliacha kuuliza wamekwenda wapi.

*

Mwezi wa tatu ilitangazwa kwamba Mheshimiwa Kapilima atakuja kushuhudia ushindi dhidi ya njaa. Yalitangulia malori mawili ya mahema na viti, la tatu la wapishi, la nne la mbuzi na ndama. Zilipangwa meza mbele ya ghala. Ilifungwa kamba, na nyuma ya kamba walisimamishwa wananchi, wakafundishwa kupiga makofi kwa mpigo. Harufu ya nyama ilianza kupita juu ya vichwa vyao tangu saa tatu asubuhi. Watoto walikuwa wamefumba macho na kufungua midomo.

Kapilima alifika saa saba, akateremshwa na watu wanne. Bosko alikuwa mmoja wao, akihema. Mheshimiwa akasema anataka kukagua ghala peke yake na mtunza ghala. Mlango ulipofungwa aliketi juu ya magunia, akavua kiatu cha kulia kwa shida, akashusha soksi.

Vidole viwili havikuwepo. Cha tatu kilikuwa cheusi. Harufu ilijaa ghala lote, tamu na mbaya, na Gervas akaitambua, maana kidonda chake mwenyewe kiliwahi kuanza kunuka hivyo.

"Gervas, ndugu yangu," alisema Kapilima. Sauti ya kamatini haikuwepo. "Ulifanyaje?"

"Niliwaambia siku ile, mheshimiwa. Nilifunga mdomo."

"Ile ilikuwa kamati. Hapa tuko wawili. Nipe dawa."

"Nikikupa nataka kitu. Ondoa mizani pale mlangoni. Saini moja tu."

"Nitasaini. Nitasaini chochote. Nipe."

"Dawa ni kutokula nyama ile waliyokupangia nje. Leo, na kesho, na keshokutwa. Utembee. Umwone daktari anayejua, hata kama ni mwembamba."

Kapilima alimkodolea macho. Gervas aliona tumaini likimtoka usoni na hasira ikiingia.

"Nikipungua, nani atanipigia saluti? Mia moja na arobaini na mbili, Gervas. Nimezitafuta miaka thelathini. Unajua nimekula nini mimi? Unajua nimemeza vitu gani nisivyovitaka?"

"Najua. Nilikuwa nakaa kiti cha tatu kutoka kwako mezani."

"Unaificha," alisema Kapilima, akivuta soksi. "Una dawa na unaificha. Wewe siku zote ulikuwa mchoyo."

Alitoka nje. Alihutubia kwa dakika arobaini, akasema kwamba njaa ni hali ya mawazo na kwamba Serikali inashiba kwa niaba ya wananchi mpaka hapo wananchi watakapokuwa tayari kushiba wenyewe. Makofi yakapigwa kwa mpigo. Kisha aliketi, akavuta paja la ndama, akalila kwa ghadhabu, kama mtu anayegombana nalo, mafuta yakimtiririka viwikoni. Akavuta la pili. Katikati ya paja la pili alisimama ghafla, akashika kifua, akalalia meza, na meza ikavunjika.

Gervas, aliyekuwa amekwenda kusimama na wananchi, aliruka kamba akamgeuza, akamfungua tai, akaukandamiza moyo kama alivyowahi kuona hospitalini. Aliukandamiza mpaka mikono ikafa ganzi. Alipoinua kichwa, aliwaona wakubwa wa msafara wamesimama wakimzunguka, wengine na sahani mkononi. Hakuna aliyeweza kupiga magoti.

"Amefariki," alisema.

Bosko alivua kofia. Kisha alisema jambo moja ambalo wote walikubali ni la lazima. Daraja la mazishi hutegemea kilo, na safari ya kurudi ni ndefu, marehemu anaweza kupoteza maji njiani. Apimwe sasa hivi. Mizani ikaletwa kutoka mlangoni. Watu wanane walimpandisha, mguu mmoja ukiburuzika, mnofu ukiwa bado kwenye ngumi yake. Mshale ulisoma mia moja arobaini na tatu.

"Ameongeza moja," alisema Bosko kwa sauti iliyokatika. Baadhi walilia. Ikaamuliwa kwamba mizani iliyompima kiongozi siku ya mwisho wake si kitu cha kuachwa porini. Ikapakiwa lorini pamoja naye, kuwa kumbukumbu ya Taifa. Waliobaki kwenye meza ambazo hazijavunjika walimalizia upesi upesi, na mmoja alifunga mbavu kwenye bendera ndogo ya mapokezi. Kabla ya saa kumi msafara ulikuwa vumbi tu.

Sindato alisimama mbele ya mlango na daftari lake, akitazama alama nne za miguu ya mizani ardhini.

"Bila mizani nitaandika nini?" aliuliza.

"Andika kwamba mizani imekwenda msibani," alisema Gervas, akafungua mlango wote, mabawa mawili.

Waligawa siku tatu. Sindato mwenyewe alibeba magunia. Watoto walipata kwanza. Wengine walikula mahindi mabichi pale pale, yakawaumiza matumbo, na Bi Nyanzala akazunguka akiwakataza, akiwapikia uji kwenye masufuria yaliyosahauliwa na wapishi. Siku ya nne ghala lilikuwa sakafu tupu. Siku ya ishirini barua ya kumfukuza kazi ilifika.

*

Gervas alirudi kwa mkewe. Alitafuta kazi mwaka mzima. Kila alikokwenda walisoma vyeti vyake kwa heshima, kisha wakamtazama mashavu, wakasema watampigia simu. Shule moja ilimwambia wazi kwamba wazazi watadhani karo haitoshi. Mwishowe yeye na Veridiana walikodi kipande cha ardhi nyuma ya kiwanda cha mafuta, wakapanda mchicha, sukuma wiki na bamia. Hawakutajirika. Sukari yake ilisomeka, na mguu wake ulikuwa mguu. Daktari Sauda bado ni Msaidizi wa Muda. Hununua mchicha kwao Jumamosi, na hawazungumzi mambo mengine.

Lakini wateja wengine huja siku za kazi. Magari makubwa yenye vioo vyeusi husimama upande wa ukuta wa kiwanda, na wakubwa huteremka wakishika viuno, wakitazama nyuma. Hawanunui mboga. Huuliza dawa. Gervas huwaambia, kila mmoja, kwa maneno yale yale, nao hukasirika, kila mmoja, kwa namna ile ile. Hawarudi. Habari zao huzisikia redioni, zikitanguliwa na muziki wa taratibu na kilo zao.

Juma lililopita alikuja Bosko Lihamba. Sasa ni Mkurugenzi. Uso ulikuwa umevimba na kung'aa kama andazi lililotoka kwenye mafuta, na alikuwa na chupa ya maji mkononi, akinywa kila baada ya sentensi. Gervas alimsogezea ndoo iliyogeuzwa, mgeni akaketi.

"Mzee, mimi kwako si mtu baki," alisema Bosko. "Niliwahi kukutoa nyama kooni."

"Nakumbuka. Ndiyo maana nakwambia vizuri. Acha kula vile. Anza leo."

"Na kazi?"

"Kazi utapoteza."

Bosko alinywa maji. Alitazama bustani, matuta yaliyonyooka, Veridiana akimwagilia. Kwa muda Gervas alidhani anafikiri kweli.

"Hakuna njia ya katikati?" aliuliza.

"Hiyo uliyomo ndiyo ya katikati. Mwisho wake uliuona Magharibi."

Bosko akatikisa kichwa kama mtu aliyetukanwa na mzazi. Dereva alikuja kumwinua, akamsukuma kwa bega mpaka akaingia kwenye gari. Kabla mlango haujafungwa vizuri, karatasi ilichakarishwa ndani, na harufu ya kuku wa kukaanga, wa jana, ikatoka ikaenea juu ya mchicha. Gervas alitema mate chini. Akachukua ndoo aliyokalia mgeni, akaisuuza mara mbili, akaenda kuchota maji.